Babu Anatania, Bibi Anawanga

Kwetu Puge, mzee akiharibikiwa ubongo, hukumu yake hutegemea kama amevaa suruali au kitenge. Mwanamume akimshika kiuno mke wa mwanawe mbele ya watu, sauti itatoka jikoni: "Mwacheni, babu anatania." Mwanamke akitoka uani saa nane za usiku bila nguo, akaizunguka nyumba akimwita mume aliyezikwa miaka kumi iliyopita, hakuna atakayesema bibi anatania. Bibi anawanga. Ugonjwa unaweza kuwa uleule na umekula sehemu ileile ya ubongo, lakini wa kwanza ataletewa kiti kivulini na wa pili ataitishiwa kikao.

Nina ugomvi na sentensi hizo mbili. Nimezisikia tangu utotoni, nimezisikia tena nikiwa nimeshavaa sare ya uuguzi, na kila mara hutumika kufunga mazungumzo kabla hayajaanza. Najua mada yenyewe haina pa kukaa. Ukiitaja wakati wa kula, watu wanatazama sahani. Ukiiandika, utaambiwa unawavua wazee nguo hadharani. Lakini ugonjwa ulishawavua kabla yangu, na gharama ya ukimya wetu wanailipa watu wawili ambao hawakuulizwa: mgonjwa mwenyewe, na msichana aliyepewa kazi ya kumwogesha.

Kwa ambaye hajafika: Puge iko wilaya ya Nzega, mkoa wa Tabora, karibu katikati ya barabara inayotoka Tabora mjini kwenda Nzega. Barabara hiyo ilipowekwa lami iligawanywa kwa jina letu, kipande cha Nzega–Puge na kipande cha Puge–Tabora, kwa hiyo wapo wahandisi wanaotujua kama mwisho wa kilomita zao. Tunalima mpunga na karanga, na viazi vitamu tunavyovikata na kuvianika viwe michembe. Nyumba ya kutunzia wazee hatuna. Hata ukilitamka neno hilo, watoto wa mzee watadhani umewatukana. Makazi ya wazee ya serikali yako Ipuli, Tabora mjini, nayo kama mengine ya aina yake nchini ni ya wazee wasio na mtu. Mzee mwenye watoto saba hana sifa ya kuingia. Watoto hao saba wako Dar, Mwanza, Kahama, mmoja yuko Muscat. Anayebaki na mzee ni mjukuu wa kike.

Nianze na ugonjwa, maana fujo nyingi zinatokana na kutoujua. Tumezoea kudhani demensia ni kusahau: mzee ameweka funguo kwenye chungu, ameuliza mara nne kama ng'ombe wamerudi. Hiyo ni sura moja tu. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo breki ya mtu mzima. Ndiyo inayotuzuia kusema kila tunachowaza na kushika kila tunachotamani. Ipo aina ya demensia inayoanzia huko mbele, na mgonjwa wake anaweza kukutajia bei ya tumbaku ya miaka hamsini iliyopita huku amepoteza kabisa habari kwamba mkwe hashikwi. Katika Alzheimer, aina iliyo ya kawaida zaidi, mara nyingi kinachopotea ni watu na miaka. Mzee anamwona binti aliyerithi sura ya bibi yake, na kichwani mwake mwaka ni 1968, na huyo aliyesimama mlangoni na beseni la maji ni mke wake aliyemwoa juzi.

Tena si kila tunachokiita uchafu ni tamaa. Mzee anayefungua zipu sebuleni huenda amebanwa na mkojo na hakumbuki choo kiko wapi. Anayevua shati na suruali mchana wa Oktoba, jua la Tabora likiwa limewaka, huenda anasikia joto tu na hajui tena kwamba kuna mahali pa kuvulia. Anayejishika sehemu za siri siku nzima huenda anawashwa, au ana maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa mtu wa miaka 80 yanaweza kumchanganya akili ndani ya siku mbili bila hata homa. Zipo pia dawa za ugonjwa wa Parkinson ambazo, kwa baadhi ya wagonjwa, huamsha ashiki isiyozuilika. Familia inaona aibu miezi sita, wakati daktari angepunguza dozi. Mambo haya yanapimika. Kipimo cha mkojo si anasa. Ila hakuna anayempeleka babu kupimwa mkojo kwa sababu ya "utani".

Na msiniambie haya ni maradhi ya Ulaya. Mwaka 2009 na 2010 watafiti walizunguka vijiji sita vya wilaya ya Hai, Kilimanjaro, wakawachunguza watu 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, walipata kwamba asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Hiyo ni Tanzania ya migomba na zahanati, hali kadhalika ya vijijini kama kwetu. Wagonjwa wengi katika hao hawatamgusa mtu vibaya maisha yao yote. Wachache watafanya hivyo, na kwa hao wachache tumeandaa msamiati wa maneno mawili: utani na uchawi.

Utani kwanza, kwa sababu naupenda na sitaki utumiwe vibaya. Sisi Wanyamwezi tumeishi kwa utani. Babu zetu walibeba pembe na vitambaa kati ya Unyanyembe na pwani, miezi mitatu kwa miguu kwenda Bagamoyo, wakipita katika nchi za watu, na utani kati yetu na makabila ya njia ile ulikua humo humo, katika kupeana maji, kuzikana na kutukanana bila kugombana. Wengine walipanda kaskazini kutoka Tabora kuelekea ziwani, njia ambayo leo mabasi yanaipita dirisha wazi. Utani ulikuwa pasi ya kusafiria. Ndani ya nyumba vilevile, babu na mjukuu ni watani. Babu humwita mjukuu wake wa kike "mke wangu", mjukuu humjibu kwamba hawezi kuolewa na mwanamume asiye na meno, bibi anajifanya kuona wivu, na nyumba nzima inacheka. Mimi mwenyewe nimeolewa hivyo na wazee wasiopungua watano, na mahari yao ilikuwa karanga za kuchoma.

Lakini utani una sheria kali kuliko wanavyodhani wanaoutaja ovyo. Mtani anajua nani ni mtani wake na nani si wake. Anajua mahali: msibani anaruhusiwa kitu, kanisani au msikitini haruhusiwi. Anajua kwamba maneno yanaruka lakini mikono inabaki kwake. Zaidi ya yote, anayetaniwa ana haki ya kurudisha. Sasa chukua ubongo usiojua tena nani ni nani, uko wapi, na mkono unaishia wapi, kisha niambie huo unatania nini. Na msichana anayeshikwa akiwa peke yake chumbani, amebeba taulo, atarudisha utani gani? Anayesema "babu anatania" hatetei mila. Anaitumia mila kama turubai la kufunikia kitu kinachovuja, na anajua kinavuja, ndiyo maana anasema kwa sauti ya chini.

Halafu kuna mkwe. Huyu hata turubai hana. Kwetu mwanamke na baba mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali: hamkabidhi kitu kwa mkono mmoja, hapiti karibu na kitanda chake, na wengine wa zamani hata jina lake hawakulitamka. Mwanamke aliyelelewa hivyo anaambiwa leo, kwa sababu mumewe yuko machimboni na mawifi wameolewa mbali, amvue baba mkwe nguo na kumwogesha. Hilo peke yake ni mzigo ambao lugha yetu haina jina lake. Sasa baba mkwe anamvuta na kumwita kwa jina la marehemu mama mkwe. Amwambie nani? Akimwambia mumewe, amemtukania baba. Akikaa kimya, ameridhia. Nimewahi kuzungumza na mwanamke wa namna hii, mtu mzima mwenye watoto wanne, na alichoniomba hakikuwa dawa wala ushauri. Aliomba nimwambie kama na yeye amefanya dhambi.

Kwa bibi mambo ni mengine kabisa. Mzee wa kike mwenye demensia huchafuka zaidi jua linapozama. Hilo linajulikana kila mahali wanapotunzwa wagonjwa hawa, kwamba jioni na usiku akili inazidi kuvurugika. Anaamka, hajui yuko nyumba gani. Kitenge kimelowa mkojo, anakivua. Anatoka. Wapo pia wanaomvamia kijana wa bodaboda na kumwita mume wangu, wakimlalamikia kwa nini hakulala nyumbani. Kwa vijana hiyo ni video ya kusambaza. Kwa majirani ni ushahidi, kwa sababu tangu tukiwa wadogo tumeambiwa kwamba mchawi huwanga usiku, tena uchi.

Huu ni upande wa nchi ambao ushahidi wa namna hiyo umeua. Mwanaanthropolojia Simeon Mesaki ameandika juu ya hesabu ya serikali ya kati ya 1970 na 1984: watu 3,693 waliokufa katika matukio yaliyohusishwa na uchawi Tanzania Bara, na 2,286 kati yao wakiwa wanawake. Sehemu kubwa ilikuwa Usukumani, majirani zetu na ndugu zetu wa damu. Macho mekundu, ambayo bibi ameyapata kwa kupikia kuni na samadi kavu miaka sitini, yalitosha kuwa hukumu. Wengi wa waliouawa walisingiziwa kwa ajili ya mashamba na wivu, na demensia haikuwepo kabisa. Sitaki kugeuza kila mauaji kuwa somo la uuguzi. Lakini tukijua kwamba macho mekundu yalitosha, tusijidanganye kuhusu bibi anayekutwa uchi nje ya dirisha la jirani saa nane za usiku. Kwa mgonjwa wa kiume, tabia hii ni aibu ya familia. Kwa mgonjwa wa kike inaweza kuwa kifo. Anayehitaji kufungiwa mlango kwa upole usiku huo, na kubadilishwa kitenge kilicholowa, ndiye anayengojewa na watu wenye fimbo.

Sasa tuwafikie wenye mamlaka, maana nimewasema majirani vya kutosha. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaikabidhi familia jukumu la kwanza la kumtunza mzee, na makazi ya serikali yanabaki kuwa kimbilio la mwisho. Ukiisoma ukiwa Dodoma utasema ni sera nzuri, ya Kiafrika, haituigizi Wazungu wanaowatupa wazazi wao. Ukiisoma ukiwa Puge utauliza: familia ni nani? Kwenye karatasi, familia ni ukoo mzima unaokaa kikao. Saa kumi na moja alfajiri, mzee akiwa amelowa, familia ni msichana mmoja. Halipwi, hakufundishwa, hana pa kushitaki na hana mlango wenye kitasa. Hakuna mwajiri yeyote nchini ambaye angeruhusiwa kumweka mfanyakazi katika mazingira hayo, lakini kwa kuwa ni mjukuu, tunaita upendo.

Wanaotupa wazazi wao, kwa taarifa yenu, wameshaandika haya. Mwaka 1995 Hebrew Home at Riverdale, nyumba ya wazee iliyoko Bronx, New York, ilitoa sera ya maandishi kuhusu mahusiano ya kimapenzi ya wakazi wake. Walikubali jambo ambalo sisi tunalificha, kwamba mzee bado ana mwili, na mgonjwa bado ni mtu mzima. Kisha wakakaa kutafuta mpaka: nani bado anaweza kukubali au kukataa, nani hawezi, na mfanyakazi afanye nini akikuta jambo. Mfano mwingine ni wa Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani. Alistaafu ili amtunze mumewe mwenye Alzheimer. Mwaka 2007 mtoto wao alieleza hadharani kwamba baba amempenda mwanamke mwingine katika nyumba anakotunzwa, na kwamba mama alifarijika kumwona ametulia. Nawasimulia hivi watu wa kwetu wanaguna. Naelewa. Lakini angalieni kilichowawezesha: kulikuwa na watu waliolipwa kuangalia, kwa zamu, mlango wazi, na ndiyo maana wangeweza kutofautisha wagonjwa wawili wanaoshikana mikono kwa ridhaa na mmoja anayemvamia mwenzake. Sisi hatutofautishi chochote. Mkono wa babu aliyekosa tu mtu wa kumgusa tangu bibi afe, na mkono unaomtisha msichana, tunavitupa vyote katika gunia moja la utani.

Na kuna bibi aliye hai, mke wa mgonjwa, ambaye hata katika makala zinazowajali walezi hutajwa kwa mstari mmoja. Mume wake wa miaka 78 hakumbuki kwamba wamelala pamoja jana, wala asubuhi hii. Anadai tena, kwa nguvu. Kanuni ya Adhabu, kama ilivyorekebishwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, haihesabu kuwa ni ubakaji mume akimwingilia mkewe bila ridhaa, isipokuwa wawe wametengana. Kwa hiyo bibi huyu hana sheria, na akienda kwa wazee wa ukoo ataambiwa ashukuru mumewe bado ana nguvu. Watacheka. Hicho kicheko nakijua vizuri, kinatoka kwa wanaume ambao wenyewe wana miaka 75 na wanaomba Mungu wasiulizwe.

Hapo msomaji mwerevu ataniuliza: basi mgonjwa hana kosa lolote? Sheria yetu ilishajibu zamani. Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu kinamwondolea lawama ya jinai mtu ambaye maradhi ya akili yamemfanya asielewe anachotenda. Nakubaliana nacho. Ila nina onyo. Wapo wazee wazima kabisa, wenye akili ya kuhesabu riba, waliogundua kwamba uzee ni kichaka kizuri. Mtu aliyekuwa na mikono mirefu tangu ujanani hakuupata ugonjwa huo akifikisha miaka 70. Demensia hujionyesha kwa mabadiliko: mtu mpole amekuwa mkali, mwenye haya amepoteza haya, na pamoja na hilo hawezi kupanga siku yake, anapotea njia aliyoipita maisha yote. Apimwe. Lakini msichana asingoje majibu ya kipimo ndipo atolewe chumbani. Kwake yeye mkono ni mkono, wa mgonjwa au wa mwongo, na ulinzi wake unaanza siku aliposema, au siku alipoacha kula na hakusema.

Najua kinachofanyika badala yake, kwa sababu huwa napigiwa simu. Cha kwanza ni kamba. Mzee anafungwa kwenye nguzo ya kitanda "asijidhuru", na anajidhuru hivyo hivyo, vidonda vya kulala, nimonia, hasira. Cha pili ni dawa. "Dada, si una zile za kumtuliza?" Wanamaanisha dawa za wagonjwa wa akili, zile zinazomlaza mtu mzima akitoa udenda. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2005 kwamba zile za kisasa zinaongeza vifo kwa wazee wenye demensia, na mwaka 2008 ikazijumuisha zile za zamani, ambazo ndizo zinazopatikana kwetu. Daktari anaweza kuamua kuzitumia, kwa dozi ndogo, kwa muda mfupi, hatari ikiwa kubwa. Shemeji mwenye duka la dawa hawezi. Na hakuna kidonge kilichothibitishwa kutibu tabia hii. Anayekuuzia mitishamba ya "kupoza damu" anapoza mfuko wako.

Kinachosaidia ni kazi ndogo ndogo zisizo na sifa. Aogeshwe na mwanamume. Hili peke yake lingemaliza nusu ya matatizo ninayoyajua, na ndilo linalopingwa kuliko yote, kwa kuwa vijana wa kiume wamelelewa kuamini kwamba mwili wa mzee ni kazi ya wanawake, isipokuwa akiwa maiti. Maiti ya mwanamume ndiyo wanaume wanajitolea kuiosha. Kama hakuna mwanamume, wawe watu wawili, mlango usifungwe, na mchana. Nguo ziwe za kufungwa nyuma au suruali ya lastiki isiyo na zipu. Chooni apelekwe kila saa mbili kabla hajatafuta mwenyewe. Mkono ukija, msichana arudi nyuma hatua moja, aseme kwa sauti ya kawaida, "Babu, mimi ni mjukuu wako, mtoto wa fulani," ampe kitu cha kushika: karanga za kumenya, redio, bakora yake. Asicheke, kwa sababu kicheko mgonjwa anakisoma kama ruhusa. Asipige kelele wala asimpige, kwa sababu mgonjwa atasahau kosa na kubaki na hofu. Akijishika mwenyewe akiwa chumbani kwake, fungeni mlango mwondoke. Hiyo si kesi ya mtu. Na aguswe. Mjukuu wa kiume ampake mafuta miguu, amnyoe, ashikwe mkono akitembea. Mzee ambaye hakuna anayemgusa isipokuwa kumvua nguo atachanganya mambo hata akiwa na nusu ya akili.

Usiku msichana asilale chumba kimoja na mgonjwa, na chumba chake kiwe na komeo la ndani. Komeo linauzwa Puge sokoni kwa hela isiyofika ya vocha za wiki moja za mjomba yeyote. Nimeona ukoo ukichangishana laki tano za kaburi la vigae ukishindwa kununua komeo.

Ukoo wetu nao ulifika hapo, na sitauficha ili niwaseme wengine. Mdogo wake babu yangu, mtu aliyekuwa karani wa chama cha ushirika, mwenye haya kiasi kwamba hakula mbele ya wakwe zake, alianza kuwashika wanawake. Aliyekuwa akimtunza ni binti wa miaka 19 aliyemaliza kidato cha nne na kuambiwa asubiri "kidogo" ndipo apelekwe chuo. Alisubiri miaka miwili. Alipotamka kilichokuwa kikitokea, grupu la ukoo la WhatsApp lilikuwa na watu 64, na jibu la kwanza lilikuwa emoji za kucheka. La pili lilikuwa la baba mdogo mmoja wa Dar: "Huyo mzee bado yumo!" Binti akajitoa kwenye grupu.

Nilichukua likizo nikaenda. Kipimo cha mkojo kilikuwa na maambukizi, yakatibiwa, na mambo yakapungua lakini hayakuisha. Tulikaa kikao chini ya mwembe, nami nikatumia cheo changu chote, pamoja na Kiingereza cha cheti, kitu nisichokipenda, kuwaeleza baba zangu kwamba ubongo wa baba yao una tundu, kwamba hawaongelei tabia yake, na kwamba kuanzia siku ile binti hataingia tena chumbani mwake. Mmoja aliniuliza nani basi atamwogesha. Nikamwangalia. Akauliza tena, kana kwamba sijasikia.

Binti sasa yuko chuo cha maendeleo ya jamii. Ada inatoka kwenye fedha zilizokuwa zinatumwa "za matumizi ya mzee". Mzee anaogeshwa na wajukuu wawili wa kiume na mwanawe anayetoka Nzega na pikipiki, na yule wa kwanza, mwenye miaka 22, aliniambia wiki tatu za mwanzo alikuwa anatapika akirudi nyumbani. Baba mdogo wa Dar alituma shilingi 200,000 na ujumbe kwamba yeye ameshatimiza sehemu yake. Nimemjibu kwamba hela imenunua sabuni, dawa ya vidonda na komeo, na kwamba karatasi ya zamu imebandikwa nyuma ya mlango: Jumatatu na Alhamisi wajukuu, Jumanne na Ijumaa mwanawe, mwisho wa wiki wanapokezana. Jumatano ina jina lake. Basi la Dar linafika Nzega asubuhi, na kutoka Nzega hadi Puge ni lami tupu. Amesoma ujumbe, tiki mbili za bluu, tangu Jumapili.